Mlima Uliokataa Kuitika

Mimi ni Isidore Kabagambe, mwana wa Irumba, mwana wa Bahemuka, mwana wa Kisembo. Kisembo aliswaga ng'ombe wake kutoka ng'ambo ya mto Semliki akawaleta Boga, na hakuna aliyewahi kusema kwamba hata ndama mmoja kati yao hakuwa wake. Bahemuka aliketi katika baraza la chifu miaka ishirini na mitatu akisikiliza kesi za wengine. Yeye mwenyewe hakushtakiwa hata mara moja. Irumba, baba yangu, alisoma kwenye misheni wakati ambapo wenzake waliogopa kitabu kama nyoka, na alipowapimia wajane maziwa aliacha kibuyu kifurike. Mimi nilikuwa mwalimu miaka kumi, kisha mkurugenzi wa shule ya msingi miaka thelathini na mmoja hapa Bunia. Mwanafunzi aliyepita mikononi mwangu haanzi sentensi kwa herufi ndogo hata leo. Nayataja haya ili msomaji ajue ni nani anayesema naye, na ajue pia kwamba kosa nitakalolieleza halikufanywa na mtu asiyefundishwa.

Sisi wa Boga tunampa mtoto majina yake, na juu ya majina hayo tunampa mpako. Mpako ni jina la heshima na la mapenzi. Yako machache, nasi tunagawana hayo hayo kutoka kizazi hadi kizazi. Wangu ni Akiki. Mke wangu Hélène alikuwa Abwoli. Mtu wa kwetu akikutana na mwenzake hamsalimu kwa jina tupu. Humwita kwa mpako, naye huitikiwa kwa mpako wake. Kumsalimu mtu wa nyumbani kwa jina lake la shule ni kama kumpa maji katika kifuniko ilhali vikombe vipo kabatini. Mkuu wa familia ndiye anayeutoa, siku ambayo watu wa nyumbani huketi pamoja na kula ugali wa ulezi. Aliyepewa huitwa, naye huita. Aliyenyimwa haitwi, na nyumbani mwangu ilikuwa sheria kwamba aliyenyimwa hathubutu kumwita mkubwa kwa mpako wake.

Mjukuu wangu Ornella nilimnyima.

Mama yake, Brigitte, alikuwa mtoto wangu wa pekee. Alikwenda kwenye mji wa machimbo ya dhahabu kuuza nguo, akampata huko mchimbaji aliyeitwa Emery, kijana wa mbali, na akamzalia mtoto kabla Emery hajakanyaga ua wangu kujitambulisha. Emery hakuja kamwe. Alikwenda kutafuta shimo jingine, na habari zake zikaishia huko. Mimi nikasema: mtoto ambaye baba yake hakupiga hodi hatapewa mpako katika nyumba ya Irumba. Nilisema mara moja, kwa sauti ya darasani. Hélène aliniomba miaka mingi. Nilimjibu kwamba neno likiandikwa kwa wino halifutwi kwa kitambaa.

Brigitte alifariki kwa homa Ornella akiwa na miaka kumi na mmoja. Hélène akaenda kumchukua mtoto, akamleta hapa Mudzipela, mtaa wangu wa Bunia. Miaka minne baadaye Hélène naye akalala. Kwa hiyo tukabaki wawili, mzee na msichana, katika nyumba yenye viti sita.

Nilimtunza kama ipasavyo. Sare yake ilipigwa pasi, madaftari yake yalikuwa na majalada, hakulala njaa. Kila asubuhi muuza maziwa alipita na madumu yake kutoka upande wa Bogoro, nami nilimsalimu kwa mpako, "Araali," naye akaniitikia, "Ndiyo, direkta," maana hakuwa na mazoea nami ya kutosha. Kanyere, mjane jirani, nilimwita Amoti kwa sababu alipenda kuitwa hivyo, ingawa si wa kwetu. Kisha Ornella alitoka chumbani, nami nikasema, "Ornella, umeamka?" Naye akasema, "Nimeamuka, tate." Tate ndiyo babu, kama wasemavyo watoto wa hapa. Tulikunywa chai. Pikipiki zilipita nje zikitimua vumbi jekundu, na ndani ya nyumba kijiko ndicho kilichosema.

Mwaka jana, akiwa na miaka kumi na saba, mwaka wa tatu wa masomo ya ualimu, alinijia na daftari mkononi.

"Tate, prof Claude ametupa ekspoze katika psikolojia, kazi ya kuandika na kusomea wenzetu. Kila mutu achague filme moja, aeleze alama zake."

"Alama za namna gani?"

"Vitu vyenye vinaonekana inje, lakini maana yake iko ndani ya mutu. Prof anasema, katika filme ya ndoto kama ile, nyumba njo roho. Maji njo kitu chenye mutu anajificha yeye mwenyewe."

"Nyumba ni nyumba," nikasema. "Na maji ni maji. Wakati wetu walituonyesha filamu ya namna ya kuchimba choo, na hakuna aliyeuliza choo kina maana gani."

Alicheka. Nataka iandikwe kwamba alicheka, kwa sababu sikumsikia akicheka tena katika nyumba hii. Akaketi kwenye kiti cha Hélène, jambo ambalo hakulifanya kwa kawaida, akanieleza filamu yake.

"Iko musichana moja. Katika kijiji yao mulima inaitikaka kila mutu. Unaita, inakuitika. Hata mutoto mudogo, hata mbuzi. Lakini yeye akiita, kimya. Basi anaingia ndani ya mulima kutafuta sauti yake. Ndani anakuta vyungu, mingi sana, na muzee wa mawe anavichunga. Katika kila chungu muko mwangwi ya mutu. Na ule muzee anakalia chungu moja, haamuke." Akalifunga daftari. "Tuitazame pamoja, tate? Iko ku telefone ya mwenzangu Fabienne, ataniazima."

"Mimi sina muda wa mazingaombwe. Andika, nitakusahihishia."

Sikuwa na kazi yoyote siku ile. Wala siku iliyofuata.

Aliandika siku tano. Siku ya sita aliliweka daftari mezani pangu, karibu na miwani, akaenda kuteka maji. Nikachukua kalamu nyekundu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na makosa tisa, wa pili saba. Nilikuwa nafanya kazi ninayoijua, na nakiri kwamba nilifurahi. Tangu nistaafu hakuna aliyeniletea daftari. Nikafika mahali alipoandika hivi:

"Mlinzi huyu wa mawe huwasalimu wageni wote kwa jina la heshima, hata muuza maziwa. Msichana peke yake humwita kwa jina la kwenye cheti. Msichana anafikiri kwamba hana sauti. Kumbe sauti anayo. Anayekosekana ni wa kumwitikia."

Nikaandika pembeni: *Thibitisha. Ni sehemu gani ya filamu?*

Ukurasa wa mwisho aliandika: "Filamu haisemi ndani ya chungu anachokikalia mlinzi mna nini. Nafikiri mna sauti ya mtu aliyempenda, naye anaogopa kuisikia. Kwa hiyo mlinzi si mtu mbaya. Ni mtu anayekaa peke yake."

Nikapiga mstari chini ya *nafikiri*, kwa sababu mwanafunzi hafikiri, mwanafunzi anaonyesha. Chini kabisa nikaandika: *Nje ya mada.* Nikalifunga daftari na kulirudisha pale pale lilipokuwa.

Ornella alirudi na dumu la maji kichwani. Alilitua, akapangusa mikono, akafungua daftari akiwa amesimama. Alisoma kurasa zote. Kisha akasema, "Asante, tate," akaingia chumbani. Prof Claude alimpa alama nzuri kwa ekspoze. Baadaye nilijua kwamba hakuwasomea wenzake zile sentensi. Alikuwa amezikata, kama nilivyoagiza.

Wiki mbili baadaye, jioni ya Jumatano, alikuja Tina. Tina ni binti wa marehemu ndugu yangu, mwanamke mnene wa sauti kubwa, anauza vitenge Mahagi. Alinisalimu vizuri, akala, akauliza habari za mguu wangu unaouma. Kisha akasema kile kilichomleta.

"Baba mudogo, nimekuja kumuchukua mutoto. Yeye mwenyewe njo ameniita. Atamaliza masomo kule. Jumamosi asubuhi tunaondoka."

Nikamtazama Ornella. Alikuwa akitazama sahani.

"Hapa umekosa nini?" nikamwuliza. "Umelala njaa? Nimekupiga?"

"Hapana, tate."

"Basi sema sababu. Mtu wa nyumba hii haondoki bila sababu."

Akainua macho, na sauti yake haikupanda wala kushuka. "Niliisema, tate. Mulisoma. Mukasahihisha."

Tina akakohoa. Ornella alikusanya sahani, nami nilibaki nimeketi mpaka mbu wakaanza, nikijaribu kukumbuka ni kitu gani nilichosoma. Nilikumbuka makosa yote tisa ya ukurasa wa kwanza. Maneno mengine hayakurudi.

Alhamisi, alipokuwa shuleni, nililitafuta daftari lile. Lilikuwa juu ya kitanda chake, kando ya mfuko ulioanza kufungwa. Nikasoma tena zile sentensi, na swali langu jekundu pembeni yake: *Ni sehemu gani ya filamu?* Lilikuwa swali la haki. Mwalimu anayeuliza swali la haki anapaswa kulisikiliza jibu. Nikavaa koti na kofia, nikachukua fimbo yangu, nikashuka barabarani kwenda kwa Guelord.

Guelord ana chumba cha mbao na turubai karibu na soko, ambamo watu huonyeshwa filamu na mipira. Yeye mwenyewe husimama karibu na skrini na kuwatafsiria watazamaji kwa Kiswahili, akiongeza mzaha wake. Zamani, chumba kikiwa bado cha mwingine, nilikuwa nikiingia humo kuwatoa wanafunzi watoro. Guelord mwenyewe, akiwa darasa la nne, nilimtoa kwa sikio. Waliponiona mlangoni, saa nane mchana, vijana kama kumi na watano wakaanza kuinuka kwenye mabenchi.

"Direkta!" akasema Guelord. "Leo tena munakuja kutukamata? Siye tunakuwa bazee sasa, muone hata kipara!"

"Ketini," nikawaambia vijana. "Nimekuja kutazama."

"Kutazama!" Mmoja akapiga mluzi. "Yesu anarudi leo."

"Nyamaza weye," Guelord akamkemea. Kisha kwangu, kwa adabu, akishika sikio lake la kushoto: "Direkta, hii sikio mungali munaikumbuka?"

"Nalikumbuka. Naona lingali linatosha kazi yake."

Walicheka wote, hata yeye. Nikamweleza filamu ninayoitaka: ya msichana na mlima. Aliifahamu. Vijana walinung'unika kwamba walikuwa wamengoja ya vita, lakini Guelord akawaambia kwamba direkta akiingia sinema ni siku ya mtihani, hakuna kuchagua. Akanipa kiti cha plastiki chenye mgongo, akakiweka mbele kabisa, peke yake.

Nilitazama kama ninavyosahihisha, kuanzia mstari wa kwanza. Kijiji kilikuwa kwenye bonde, na mlima mkubwa juu yake. Watu walisimama asubuhi milangoni wakaita, na mlima ukawaitikia. Msichana akatoka, akaweka mikono kinywani, akaita. Kimya. Watu wakaendelea na kazi zao. Hakuna aliyemcheka, hakuna aliyemfukuza. Jambo hilo lilinigusa kuliko kama wangempiga. Walikuwa wamezoea.

Msichana akaingia ndani ya mlima. Alivuka mto unaopanda badala ya kushuka. Alimkuta ng'ombe mweupe aliyebeba mlango mgongoni.

"Muone ng'ombe!" akapaza Guelord. "Anahama na nyumba yake, sawa batu ya Bunia! Ukisikia risasi, unabeba na mlango!"

"Guelord," nikasema, "acha filamu iseme."

Alinyamaza, na vijana wakashangaa kwamba jambo hilo linawezekana.

Kisha wakaja vyungu, safu kwa safu, na mlinzi wa mawe katikati. Nilikaza macho. Nilingoja awasalimu wageni. Nilingoja muuza maziwa. Hakukuwa na mgeni hata mmoja katika mlima ule. Hakukuwa na maziwa. Mlinzi hakumsalimu mtu yeyote, wala hakumwita msichana kwa jina lolote, la cheti au jingine. Aliketi tu juu ya chungu chake, akitazama mbele, na vumbi limemjaa mabegani.

Msichana alipiga magoti mbele yake, akamwambia kwa Kifaransa chepesi: "Sitaki kukichukua. Nataka tu usimame." Baada ya muda mrefu mlinzi alisimama. Magoti yake yalilia kama mawe ya kusagia. Msichana hakukifungua kile chungu. Aliondoka, akatoka mlimani asubuhi, akasimama bondeni, akaweka mikono kinywani, akaita kwa nguvu zake zote; na hapo hapo, kinywa chake kingali wazi, skrini ikawa nyeusi.

"Eh!" vijana wakalalamika. "Wametuiba! Mulima iliitika ao haikuitika?"

"Ya pili haiyafika," akasema Guelord. "Muulize direkta, yeye njo anajua majibu yote."

Nilimwomba airudishe ile sehemu ya mlinzi. Akairudisha. Hakukuwa na muuza maziwa.

Nilitembea kurudi nyumbani bila kuwasalimu watu, na baadhi yao walidhani nimepata habari ya msiba. Mwanafunzi ameongeza katika ekspoze kitu kisichomo katika filamu: hilo, kwa kalamu nyekundu, ni kosa. Lakini mwanafunzi huyu haongezi ovyo. Nilimfundisha mwenyewe kutoongeza. Yale aliyoyaongeza aliyaona mahali fulani kwa macho yake. Aliyaona kila asubuhi, akiwa na kikombe cha chai mkononi.

Na kuhusu chungu, nitasema. Miaka kumi na saba iliyopita, Brigitte alirudi kutoka machimboni na mtoto mgongoni. Alisimama kwenye lango langu, mchana. Mimi nilikuwa nimeketi barazani, nikisoma. Akaita, "Akiki." Ndivyo alivyoniita tangu utoto, kwa mpako, si baba. Nilimsikia. Akaita tena, "Akiki, nimemuleta." Nikafungua ukurasa uliofuata. Aliita mara tatu, kisha Hélène akatoka jikoni akikimbia, lakini pikipiki iliyomleta ilikuwa imekwisha kugeuka naye. Mpako wa Brigitte ulikuwa Adyeri. Tangu siku ile neno hilo halikutamkwa katika ua huu, wala na mimi wala na Hélène, ambaye alijua mahali nilipoketi. Hata kaburini sikulisema. Nilisoma jina lake kama lilivyoandikwa kwenye msalaba.

Ijumaa nilikwenda kwa Kanyere.

"Amoti," nikasema, "una unga wa ulezi?"

"Uko. Nipikie nani?"

"Nitapika mimi."

Kanyere aliweka chini ungo wake. "Muzee Isidore, tangu dada Hélène amekufa, ni mimi ninakuonyeshaka njia ya chumvi. Utapika ulezi?"

"Mkuu wa familia ndiye anayetoa. Familia yangu iko Boga, na barabara ya Boga unaijua, siku hizi haina usalama. Basi nitakuwa mkuu, na mpishi, na familia."

Alinitazama sana, akaelewa, maana alikuwa rafiki wa Hélène. Alinipimia unga bila kuuliza tena. "Koroga kwa nguvu," akasema, "na usiache moto."

Jumamosi asubuhi niliwasha jiko kabla Ornella hajaamka. Nilikoroga kwa nguvu, lakini moto niliuacha, nao ugali ukapata mabonge. Tina aliketi. Guelord alikuwa amekuja na pikipiki yake kumpeleka Ornella na mfuko wake mpaka kwenye maegesho ya magari ya Mahagi, nikamwambia aingie.

"Mimi, direkta? Mimi si wa ukoo yenu."

"Nina viti sita. Keti."

Kanyere naye akaingia bila kuitwa. Ornella alitoka chumbani amevaa nguo za safari. Aliona sahani, akaona rangi ya ugali, akasimama. Mtu aliyekulia nyumba hii anajua ulezi mezani una maana gani. Ule, nao, ni alama, ingawa hakuna aliyenifundisha kuuita hivyo.

Nilisimama. Nilikuwa nimeandaa hotuba, yenye mwanzo, katikati na mwisho, nikiwataja Kisembo na Bahemuka na Irumba. Nikawataja. Kisha nilipofika kwenye neno lenyewe, sauti haikutoka. Nimesimama mbele ya watoto miaka arobaini na mmoja na sauti yangu haikuwahi kunikataa. Tina alitazama mikono yake. Guelord alivua kofia.

"Nilikuuliza ni sehemu gani ya filamu," nikamwambia Ornella. "Nimekwenda, nimeitazama mara mbili. Haimo. Wewe ulikuwa na haki, na mimi nilikosea alama. Mama yako aliniita kwenye lango lile nami sikumwitikia." Nikakata tonge la ugali, nikampa mkononi. "Nyumba ya Irumba inakupa mpako wa mama yako. Kuanzia leo wewe ni Adyeri."

Neno lilitoka dogo na lenye kutu. Lakini lilitoka.

Kanyere akapiga kigelegele kimoja, kifupi, akakikata mwenyewe. Sasa zamu ilikuwa ya Ornella. Kwa desturi yetu, aliyepewa humwitikia aliyempa, kwa mpako wake. Sote tulingoja. Alikula lile tonge, na mabonge yake, polepole, mpaka likaisha. Macho yake yalikuwa yamejaa. Kisha akasema, "Gari itatuacha," akachukua mfuko wake.

Tina alitaka kumkemea; nikamzuia kwa mkono.

Nilimsindikiza mpaka langoni. Alipanda pikipiki nyuma ya Guelord, mfuko mapajani. Guelord aliniambia kwa sauti ndogo, "Direkta, ataitika. Filme iko na ya pili." Wakaondoka. Tina akafuata kwa pikipiki nyingine. Nilisimama mpaka vumbi lao likakaa chini, kisha nikarudi ndani na kuosha sahani tano. Nilimnyima miaka kumi na saba. Hakuwa na deni la kunijibu kwa dakika moja.

Wiki zilipita. Niliweka kikombe kimoja mezani. Muuza maziwa alipita, nami nikamsalimu, naye akasema, "Ndiyo, direkta." Siku moja nilihesabu ni lini mtu aliniita Akiki kwa mara ya mwisho. Ni Hélène, hospitalini. Rafiki zangu wa rika wamelala, ndugu zangu wametawanyika, na yule mmoja aliyebaki chini ya paa langu nilimkataza kwa sheria yangu mwenyewe. Nilipomnyima mtoto jina lake, nilikuwa nimelifukia langu pia. Hilo halimo katika filamu, wala Ornella hakuliandika. Ni mimi naliongeza, na sina mtu wa kunisahihisha.

Jumapili ya sita, baada ya ibada, nilikuwa nimeketi barazani, kitabu mkononi, kiti kile kile. Simu ililia mfukoni. Namba ilikuwa ya Tina. Nikaiweka sikioni na sikusikia kitu, ila upepo na mtu anayepumua. Nilikifunga kitabu.

"Akiki," ikasema sauti ya Ornella.

"Adyeri," nikasema. "Adyeri, nakuitika."

Tuliongea kidogo tu: shule yake mpya, mguu wangu, mvua. Hakusema kwamba atarudi, nami sikuuliza. Kisha mtandao ukakata, na nyumba ikawa kama ilivyokuwa, viti sita na mimi. Lakini kila Jumapili saa sita mchana, saa ile ile aliyopiga, huketi pale barazani bila kitabu.

Sasa nawaambia ninyi vijana, na hasa ninyi mnaojiandaa kushika chaki. Sikuandika haya ili mnihurumie. Mkimwona mzee ameketi juu ya chungu chake, msiondoke kimya: mwambieni asimame, kwa adabu, na mwambieni mara ya pili. Na siku mtakapokuwa wakubwa, mtoto akija kwenye lango lenu na kuita, wekeni kitabu chini na kuitika kabla hajageuka. Nimefundisha miaka arobaini na mmoja, na hili ndilo somo nililopata sifuri. Lishikeni. Sitalirudia.